Kuti Changa Getini

Enugu, 3 Novemba 1997

Baba yangu,

Shikamoo. Kifua chako kinasemaje msimu huu? Upepo wa vumbi bado haujaanza huku, lakini nakujua, utakuwa umeshaficha dawa ya kuvuta mahali ambapo wewe mwenyewe huikumbuki. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na hapana, sijapata mchumba, kwa hiyo usianze.

Nakuandikia kwa sababu nina ombi, na ombi lenyewe ni nyumba yako.

Unajua kazi yangu ni kupanga mahali pa kupigia filamu. Sasa nimepewa filamu ya kutisha, ya mizimu. Chifu mmoja anamtoa mke wake kwa mizimu ili apate utajiri, halafu nyumba yake yenyewe inaanza kumla. Mwongozaji wetu, Bwana Tobenna, hataki mizimu ya kupakwa unga usoni inayorukaruka. Anataka nyumba ndiyo itishe. Anasema nyumba ni moyo wa yule chifu. Kadiri dhambi inavyokua, korido inazidi kuwa ndefu na giza, madirisha yanazibwa moja baada ya jingine, kisima kinakauka. Na geti ndilo mpaka. Upande huu watu, upande ule wafu. Mtazamaji aanze kuliogopa geti kabla hajaona kitu kingine chochote.

Nilimwonyesha ile picha yetu ya Krismasi, tumesimama mbele ya nyumba. Hakututazama hata sisi. Alitazama ukuta mwekundu, geti la chuma, na ile korido inayoonekana mlangoni, akasema, "Ijemma, hii hapa."

Ungekwenda kukaa na shangazi huko Aba mpaka tumalize. Mimi mwenyewe nitasimamia. Sema ndiyo, Baba.

Binti yako,
Ijemma


Amaokpu, 11 Novemba 1997

Mama yangu Ijemma,

Marahaba, na Mungu akuweke. Kifua kipo, kinapiga filimbi kidogo asubuhi, kama treni ya mizigo inayopanda kilima. Dawa sijaificha. Iko ndani ya kofia yangu ya reli, mahali ambapo mwizi mwenye akili hawezi kutafuta.

Kwa hiyo nimejenga nyumba kwa jasho langu lote la reli, nimepaka rangi, nimewalea humo, na sasa mtoto wangu ananiambia inafaa kukaliwa na mchawi. Ahsante sana. Jirani yetu Da Mgbeke alikuwa hapa ameniletea supu ya majani machungu nilipokuwa nasoma barua yako. Alicheka mpaka akakaa chini. Anauliza kama na yeye ana uso wa kuigiza, maana yuko tayari kufa mapema kwenye hadithi mradi aonekane.

Ndiyo, nimekubali. Lakini nisikilize kwa makini.

Chumba cha marehemu mama yako msikifungue. Ufunguo nakwenda nao Aba.

Pili. Nawajua watu wa filamu, mnapenda kufunga kuti changa la mchikichi kila mahali ili pafanane na pa mizimu. Fungeni hilo kuti la plastiki, au la karatasi, au hata katani iliyopakwa rangi. La kweli msilifunge. Umekulia hapa kidogo ukaenda mjini, kwa hiyo nakueleza kama mgeni. Kuti changa si pambo. Ni neno. Likifungwa getini linasema: hapa pamefungwa, kuna kesi, mtu asipite mpaka aliyefunga afungue kwa mkono wake. Hakuna anayeuliza kama ni mchezo.

Miaka yote niliyokaa kwenye kibanda cha ishara pale relini, taa nyekundu ikiwaka, treni inasimama. Hata kama imewashwa na mlevi. Dereva hashuki kuja kuuliza nia ya mtu.

Nakwenda Aba wiki ijayo. Shangazi yako ataninenepesha.

Baba yako


Enugu, 2 Desemba 1997

Baba yangu,

Shikamoo, na msalimie shangazi sana. Natumaini umelala vizuri huko na anakupa samaki wa kutosha. Mimi nimechoka, lakini ni ule uchovu mtamu.

Baba, nyumba yako imekubali kazi. Tumepaka masizi kwenye kuta za korido, mepesi mwanzoni mwake na mazito zaidi kadiri unavyoingia ndani, mpaka mwisho wake hauonekani. Madirisha ya mbele tumeyaziba kwa mbao. Sebuleni tuliweka jeneza la yule mke. Majirani walijaa ukutani kutazama, Da Mgbeke mbele yao wote, na jeneza lilipotolewa nje walirudi nyuma hatua moja. Chumba cha mama hatukukigusa.

Sasa nikuambie jambo na usinikasirikie. Kuti la katani lilionekana kama nyasi mbele ya kamera. Tobenna alilitazama akasema geti limekufa, halimtishi hata kuku. Majirani walipokwisha kuondoka, nikaenda kukata la kweli. Sikumwachia mtu mwingine, nililifunga mwenyewe, kwa mkono wangu, ili nije kulifungua mwenyewe, kama unavyosema sheria yake ilivyo. Na Baba, lilipofungwa, kundi zima lilishusha sauti. Hata fundi umeme aliacha kupiga mluzi.

Limebaki tukio moja tu, la mwisho, mtoto wa chifu anaporudi na kulikuta geti. Lakini jenereta limekufa na Tobenna ametuita sote Lagos tupige matukio ya mjini kwanza. Kwa hiyo tumeacha kila kitu kama kilivyo. Masizi, mbao, geti. Kitu kikisogea hata kidogo, picha za mwisho hazitaungana na za mwanzo. Tutarudi kabla ya Krismasi. Ukirudi nyumbani mapema, naomba uvumilie siku chache na usiguse kitu.

Binti yako anayekupenda,
Ijemma


Amaokpu, 9 Desemba 1997

Mama yangu,

Natumaini barua hii inakukuta u mzima huko Lagos, na kwamba unakula chakula na si mikate ya barabarani. Mimi nimerudi jana. Shangazi yako anakusalimu.

Barua yako niliipata siku ninaondoka, nikaisoma garini. Cletus, huyu dereva wetu wa basi, siku zote hunibebea begi mpaka barazani. Jana aliliweka barabarani, akageuza gari na kuondoka bila kuniaga. Nilijua kabla sijainua macho.

Nilisimama pale nikilitazama kuti getini. Upande wa pili wa barabara watu walikuwa wamesimama pia, wanatazama nitafanya nini. Nilikuwa nimechoka, kifua kinabana, na ni nyumba yangu. Nikainama, nikapita chini yake, nikaingia. Kuingia mara moja watasema mzee hakuona vizuri. Lakini kutoka na kuingia, kutoka na kuingia, hiyo ni dharau, na siwezi. Kwa hiyo nimo ndani.

Da Mgbeke alikuja leo na bakuli. Alifika getini, akaliona, akarudi nyuma kama aliyekanyaga moto. Aliliweka bakuli juu ya ukuta akaniambia nilifuate mwenyewe. Hakunitazama usoni. Mtu aliyekuwa ananitania juu ya soksi zangu.

Hakuna anayeuliza ni nani aliyelifunga. Wanadhani ni wazee wa vyeo, au watu wa madhabahu ya mizimu, na neno kama hilo haliulizwi. Nami sijawaambia.

Njoo ulifungue, mama. Usingoje kamera. Njoo upesi.

Baba yako


Lagos, 16 Desemba 1997

Baba,

Shikamoo. Sijalala vizuri tangu barua yako ifike. Kifua je? Dawa ipo ya kutosha? Niambie ukweli.

Ningekuja leo. Petroli hakuna, Baba. Foleni za magari zinazunguka mitaa na mabasi ya kwenda mashariki yamesimama, na yale yanayokwenda yanajaza watu hadi juu ya paa. Tobenna anasema tunamaliza wiki hii na tutasafiri wote pamoja na gari la kampuni. Nikimwacha sasa atakuwa hana mtu wa kupanga mahali.

Lakini kwa nini ungoje mimi? Chukua panga, likate. Ni jani, Baba. Nililikata nyuma ya shule kwenye mchikichi wa mtu yeyote. Hakuna mganga aliyelisemea. Kisha waambie ukweli: Ijemma alilifunga kwa ajili ya filamu. Walituona kwa macho yao tukipiga picha. Da Mgbeke mwenyewe alikuwepo. Wataelewa, watacheka, yataisha.

Tafadhali fanya hivyo kabla barua yangu nyingine haijafika.

Binti yako,
Ijemma


Amaokpu, 22 Desemba 1997

Mama yangu,

Barua yako Cletus aliirusha juu ya ukuta ikiwa imefungwa kwenye jiwe. Hii nami nitamrushia vivyo hivyo. Ndivyo tunavyoishi sasa. Natumaini wewe ni mzima. Upepo wa vumbi umeanza na kila kitu kina rangi ya unga.

Unasema nikate. Ngoja nikueleze, maana nimegundua hukuelewa ulichoandika kwa mkono wako.

Angelifunga Tobenna, mgeni, tungemwita mjinga na ungekuwa mwisho wake. Wewe ni binti wa ukoo huu. Binti wa ukoo akilifunga geti la baba yake, ana maana moja tu. Anasema baba amefanya chukizo, na yeye amemfungia mpaka kesi yake isikilizwe. Nikiwaambia ni wewe, swali linalofuata ni: mzee, ulimfanyia nini binti yako? Na jibu wanalo tayari. Waliona jeneza la mwanamke likitoka sebuleni kwangu. Waliona masizi. Chumba cha mama yako kimefungwa na ufunguo ninao mimi. Juzi nilimsikia mtu barabarani akimwambia mwenzake kwamba watu wa filamu hawakuichagua nyumba hii bure, kwamba walikuja kuonyesha kilichotokea.

Hadithi yenu ni nzuri sana, mama. Imeingia.

Na nikilikata? Basi nimelivunja neno la aliyefunga. Siku wakijua ni wewe, watasema neno la Ijemma hata babake mwenyewe alilikata kwa panga. Hutakaa tena na mabinti wa ukoo wanapoamua kesi yoyote. Hawatakuja harusini kwako, na siku ukifa hawatakulilia. Nimeona mwanamke aliyezikwa hivyo. Sitakufanyia wewe.

Baba yako mdogo Onwuatu alikuja akasimama nje ya ukuta. Ndugu yangu wa tumbo moja. Akauliza kwa sauti ya chini, "Kaka, ulifanya nini?" Nikamwambia hakuna. Akangoja, akangoja, halafu akaenda. Wataitana ukoo mzima baada ya Krismasi.

Nikuambie na lingine, na usimwambie mtu. Naiogopa korido. Nimeijenga mwenyewe, najua kila tofali, na siwezi kuitembea. Mmeipaka vizuri mno. Nimehamisha kiti mbele ya mlango, nakaa hapo mchana na nalala hapo hapo. Naogopa nikiwa na akili zangu zote, mama, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Dawa imebaki kidogo. Njoo peke yako, uniletee na dawa.

Baba yako


Lagos, 27 Desemba 1997

Baba,

Nakuja. Barua yako imenifikia leo na ninaandika nimesimama. Nimepata lori la saruji linalokwenda Onitsha, kutoka hapo nitajua. Dawa ninayo, ninayo nyingi. Naitanguliza barua hii kwa kijana wa basi la Cletus, lililoleta abiria huku, kwa sababu yeye amepata petroli na mimi sikupata nafasi humo hata ya kusimama.

Nilimwambia Tobenna. Alisikitika kweli, alishika kichwa. Halafu akauliza kama kuti limekauka, na kama ninaweza kuliacha mpaka walete kamera, maana likiwa kavu litasema mengi zaidi.  Nikachukua begi langu.

Nilidhani natengeneza mahali pa kutisha watu wengine. Nisamehe. Ngoja kidogo tu, kaa kwenye kiti chako, usiitazame korido.

Ijemma wako


Amaokpu, 30 Desemba 1997

Mama,

Hujambo. Mimi nipo.

Sina habari kama umetoka. Cletus hajapita, au amepita bila kusimama. Nasikia watu nje. Wanakuja, wanasimama, hawasemi. Da Mgbeke anapitisha okpa ya moto, ule mkate wake wa njugu mawe, juu ya ukuta kwa mti mrefu, imefungwa kwenye majani ya mgomba, na namsikia analia anapofanya hivyo. Nilijaribu kumtania juu ya soksi zangu, akazidi kulia. 

Dawa imekwisha. Vumbi linaingia hata pale mlipoziba kwa mbao.

Usije ukasema niliogopa nikashindwa kutoka. Ningeweza kutoka. Mlinzi wa ishara haachi kibanda taa ikiwa nyekundu, hata akijua imewashwa kwa makosa. Anangoja aliyeiwasha aje aizime, kisha treni inapita salama na hakuna anayepoteza kazi.

Ukifika, fungua kwanza, ndipo uniite. Usiniite kabla. Watu wakikuona unafungua kwa adabu watajua unaijua sheria, na kosa litakuwa dogo.

Barua hii nitaishika tu mpaka apite mtu.

Baba yako


Amaokpu, 9 Januari 1998

Baba yangu,

Shikamoo. Nashindwa kuandika salamu nyingine baada ya hiyo, maana zote zinauliza kama u mzima.

Barua hii nitaiweka mfukoni mwa koti lako kesho. Nimekuwa nikikuandikia, na sijui namna nyingine ya kukuambia mambo.

Ile yangu ya Lagos niliikuta nje, chini ya nguzo ya geti, imekandamizwa kwa jiwe. Kijana wa basi hakuthubutu hata kuirusha. Yako ya mwisho ilikuwa mkononi mwako. Kwa hiyo sikujua umeniambia nisikuite. Niliita, Baba. Nilishuka kwenye pikipiki siku ya mwisho ya mwaka nikaita jina lako kutoka barabarani, nikaita tena, na watu wote walisimama wakanitazama. Hukujibu. Ndipo nikafungua. Lilikuwa limekauka, fundo limekuwa gumu, vidole vilishindwa nikatumia meno. Hakuna aliyenisaidia na sasa najua hawakuruhusiwa.

Nilisema kwa sauti, kila mtu asikie. Nililifunga mimi. Baba hakunifanyia kitu.

Neno hilo lilipotoka na kuti likaanguka, walikimbia wote. Wote, Baba. Da Mgbeke alinipita mlangoni na umri wake ule, anaita jina lako, na nyuma yake baba mdogo, na Cletus, na wanaume ambao nilidhani wanakuchukia. Walikuwa wamekaa karibu siku zote wakingoja ruhusa ya kuingia. Ulikuwa kwenye kiti, umeelekea mlango, umeipa korido mgongo. Da Mgbeke aliweka mkono kwenye shavu lako akasema bado kuna joto kidogo. Sijui kama ni kweli au alinihurumia. Kama ni kweli ni mbaya zaidi.

Baba mdogo aliniuliza mbele ya ukoo wote, "Alikufanyia nini hata ukamfungia?" Nikasema alinipa nyumba yake. Alilia kuliko mimi. Mabinti wa ukoo watanisema baada ya mazishi. Nimeshawaambia sitajitetea, watakachoamua nitakibeba. Wewe ulilipa ili nisikibebe, najua, na nimekuangusha hapo pia. Lakini siwezi kunyamaza wakati jina lako lina masizi.

Tobenna alifika na kamera. Alikuja kuzika, alisema, lakini kamera ilikuwa garini. Nilimwomba aondoke, akaondoka. Kuta nimezisugua na kuzipaka chokaa, mimi na Da Mgbeke, kutoka mwisho wa korido kuja mlangoni. Mbao nimezing'oa. Nilitembea korido yote peke yangu mchana, na kweli niliogopa, Baba, na ni kazi yangu mwenyewe.

Kesho gari linakuleta kutoka hospitali. Wanafunga kuti changa mbele ya gari lenye maiti, hilo nalo ni desturi, na waliuliza nani atafunga.  Nikasema nitafunga mimi, kama wataniruhusu. Nikamfuata baba mdogo, na kabla sijaligusa nilimuuliza likifungwa pale linasema nini.

Akaniambia linasema, tupisheni njia, tuna mtu anakwenda nyumbani.

Geti nimeliacha wazi.

Binti yako,
Ijemma